Nyuma ya Fagio Hapabaki Mtu

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili, mshindi ameshavishwa nishani, ameshapigwa picha na sasa anakunywa soda kivulini. Spika zinaimba. Vijana wa maandalizi wameanza kukunja meza. Lakini kilomita tatu nyuma ya hapo, kwenye barabara inayopita ubavuni mwa maghala, mbio bado hazijaisha. Wamebaki watu wawili tu: fundi cherehani mnene anayehema kama mvukuto, na nyuma yake mwanamke mwembamba anayechechemea, amefunga ufagio wa vijiti mgongoni.

"Dada, nipite tu," fundi anasema. "Mimi nitafika nikifika."

"Nikupite niende wapi, fundi? Wa mwisho ni mimi. Ukininyang'anya nafasi yangu tutagombana."

Fundi anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, anainama na kushika magoti. Mwanamke naye anasimama. Hamhimizi. Anamtazama midomo, anamshika kidole na kukagua rangi ya ukucha, kisha anamuuliza jina la mkewe. Fundi analitaja, na kuongeza kwamba huyo huyo ndiye aliyemponza, maana ndiye aliyemburuta kwa daktari wa kisukari, na daktari ndiye aliyemleta huku kuadhirika.

"Akili bado unayo," mwanamke anamwambia. "Twende."

Wakimbiaji wa mtaa humwita Fagio, na wengi hawalijui jina lake jingine. Ana umri wa miaka arobaini na saba. Jumatatu hadi Jumamosi ni mfagiaji wa barabara: hufagia kuanzia geti la soko hadi stendi, buti za mpira miguuni na kitambaa puani. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi hurudi kwenye barabara zile zile, safari hii akikimbia mbio za mtaa, mizunguko miwili ya kilomita tano, akiwa mkia wa msafara.

"Vumbi la barabara hizi nimelila miaka kumi na tisa," anasema. "Mshahara unatosha kodi, unga na dawa za mama. Ukitaka sabuni ya kunukia, subiri mwezi mwingine."

Kazi ya mkia ina sheria zake, na alizitunga mwenyewe. Hampiti mtu. Anayesimama, naye husimama. Anayeketi, naye huketi. Anayeshindwa kabisa humkabidhi mkononi mwa mtu anayemjua, si kwa mpita njia. Na lile tao la kumalizia mbio haliangushwi mpaka ufagio upite chini yake. Kwa hili la mwisho aligombana na waandaaji hadi wakamwogopa.

Haya hakuyasomea popote. Yalimkuta.

Miaka minne iliyopita, mdogo wake wa kiume alijiandikisha kwenye mbio hizi hizi. Alikuwa fundi rangi, mtu wa utani, mtu ambaye hakuingia nyumbani bila kumvuta dada yake kilemba. Tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia, wenzake kazini wakawa wanamuuliza atajifungua lini. Akasema potelea mbali, atakimbia mpaka liishe.

Fagio wakati huo hakuwa mkimbiaji hata kidogo. Alikwenda kumsubiri mdogo wake mwishoni, ameshika shati kavu na kandambili.

"Alisema akimaliza viatu havitavalika tena," anasimulia. "Basi nikasimama pale na kandambili zangu kama muuzaji. Watu wanafika, wanafika, mpaka wakaisha. Nikauliza, mbona simwoni wangu? Wakaniambia wote wameshaingia. Mmoja akasema, huyo amekata njia, yuko kwa kimada anakandwa miguu. Watu wakacheka."

Anakuna kiganja chenye sugu.

"Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Na mimi nilicheka."

Tao likaangushwa, barabara ikafunguliwa, magari yakaanza kupita. Ndipo alipoanza kuirudia njia ya mbio kutoka mwisho. Alimkuta kwenye ukuta wa maghala, ameketi ameegemea, miguu ameinyoosha, namba ingali kifuani.

"Nilidhani amelala. Nikamrushia kandambili moja. Nikamwambia, amka, mvivu wee, unatutia aibu. Ikamgonga kifuani. Hakushtuka."

Daktari alisema ni moyo. Fagio alimuuliza kama angewahiwa ingekuwaje. Daktari aliinamia meza yake, akasema, "Huenda." Neno hilo Fagio hulala nalo na kuamka nalo.

Lakini liko jambo jingine, nalo ndilo linalomsumbua sasa.

Katika mbio za mizunguko, anayeongoza hufika mahali akawakuta walio nyuma ambao hawajamaliza hata mzunguko wa kwanza. Hao wa nyuma hujibanza pembeni kumpisha, na humwinulia mkono kumshangilia. Ni adabu ya barabarani, hakuna mkimbiaji wa hapa asiyeijua. Siku ile aliyekuwa akiongoza ni fundi baiskeli mmoja kijana, mrefu, ambaye watu humwita Mshale. Alishinda siku hiyo, na ameshinda mara nyingi baadaye.

Siku ya mazishi Mshale alikuja kutoa pole. Akaketi mbele ya mama wa marehemu, na kwa nia njema kabisa, akitaka kumfariji, akasema: "Mama, mwanao hakuteseka. Nilimpita pale ukutani ameketi anapumzika. Hata mkono aliniinulia, akanishangilia."

Fagio, aliyekuwa akigawa maji, aliiweka chini sinia. Mshale alimtazama usoni, na hapo hapo, mbele ya waombolezaji wote, akaelewa alichokisema. Aliondoka bila kuaga.

"Ningeapa ni kushangilia," Mshale anasema sasa, akiwa amechuchumaa kwenye kibanda chake kati ya magurudumu. "Wenzake wote wanaochelewa wananiinulia. Huyu alikuwa ameketi, lakini mimi macho yangu yako mbele, namhesabia pumzi wa nyuma yangu. Nikamjibu, asante kaka! Hebu fikiria. Mtu anaomba msaada, mimi namwambia asante."

Baada ya arobaini Fagio alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu ya mbio na kumwambia anataka nafasi ya mwisho. Mwenyekiti alidhani akili zimemruka kwa majonzi. Akamweleza kwa upole kwamba nafasi ya mwisho haiombwi, mtu huipata tu kwa miguu yake. Fagio akamjibu kwamba yeye anaiomba. Mwezi wa kwanza alikimbia na buti za kazini, akatapika mara mbili, akamaliza wa mwisho kama alivyotaka. Mwezi wa pili akaja na ufagio mgongoni, ili aliye mbele yake akigeuka ajue kwamba hajasahauliwa.

Tangu hapo amewafikisha wengi: wenye vitambi, wenye talaka mpya, mama aliyejifungua juzi akadhani amepona, mzee wa posta aliyekuwa akisimama kila kona kuvuta ugoro. Mmoja alidondoka mikononi mwake, akamlaza, akamlegeza nguo, akapiga kelele mpaka gari likasimama. Yule yuko hai. Fagio na watu wake wa nyuma wamezoeana hadi wanataniana, nao hujisifu: mimi mwenzenu nilisindikizwa na Fagio mwenyewe.

Sasa Fagio mwenyewe anahitaji wa kumsindikiza. Nyonga ya kulia imelika. Daktari wa zahanati alimwonyesha picha na kumwambia achague: ama mbio, ama ufagio wa kazini, kwa sababu vyote viwili nyonga hiyo haivifikishi mwisho wa mwaka. Na bila ufagio wa kazini nyumba hailali na chakula. Kwa hiyo kachagua, kama hilo ni kuchagua.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeutaka mkia. Ametangaza miezi mitatu mfululizo kabla ya mbio kuanza, kipaza sauti kimeshikwa na mwenyekiti mwenyewe. Vijana hutazama viatu vyao. Mkia hauna nishani, hauna picha, na jua lote linakuishia wewe. Mwenyekiti amesema asipopatikana mtu watatumia pikipiki ipite nyuma.

"Pikipiki!" Fagio anasonya. "Pikipiki inamwona anayekimbia. Aliyeketi chini ukutani itamwona? Dereva ataona mtu kapumzika, atampungia mkono, atapita zake. Nimeshaiona hadithi hiyo, sihitaji kusimuliwa."

Wiki tatu zilizopita, jioni, mlango wa vyumba vyao viwili ulibishwa. Fagio alikuwa amelaza nyonga juu ya chupa ya maji ya moto. Mama yake, ambaye sasa haoni vizuri lakini masikio yako timamu, ndiye aliyeuliza ni nani.

"Ni mimi, mama. Fundi baiskeli."

Katika miaka minne hawakuwa wamesemeshana. Kila mwezi yeye wa kwanza, Fagio wa mwisho, na katikati yao watu mia mbili. Mshale aliingia, akabaki amesimama karibu na ndoo ya maji, kofia mkononi.

"Dada," akasema, "nasikia unatafuta mtu wa ufagio. Nimekuja kuuomba."

Fagio anasema damu ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alimwambia yote aliyokuwa ameyaweka. Alimwambia miguu yake ina haraka kuliko macho yake. Alimuuliza kama anataka kuja kuwashangilia wagonjwa. Mshale hakujitetea. Alisema tu kwamba kila anapopita pale ukutani anauona ule mkono, na kwamba nishani zote amezitia kwenye debe la vyuma chakavu pale kibandani.

Ndipo mama mtu akaingilia.

"Mpe kiti."

"Mama!"

"Mpe kiti, nimesema. Mimi sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Lakini ufagio unataka mtu mwenye miguu, na wewe huna."

Mshale akaketi. Usiku ule hakupewa jibu. Mwandishi wa makala hii alipomuuliza Fagio kwa nini, hasira zilimpanda upya: "Kwa sababu ni yeye! Angekuja hata mlevi wa stendi ningempa. Kwa nini awe yeye?" Kisha akashusha sauti, akakiri kwamba katika miezi mitatu yote hakuna mwingine aliyebisha mlango.

Tukirudi barabarani, fundi cherehani anaukaribia ukuta wa maghala. Fagio huwa haongei hapa. Anakitazama kipande kimoja cha ukuta, rangi imebambuka, na ananyanyua mguu mmoja baada ya mwingine kama anapanda ngazi. Fundi, asiyejua lolote, anasema kivuli cha hapa ni kizuri, anaomba kuketi kidogo.

"Hapa hapana," Fagio anamwambia. "Mbele pale, kwenye mtaro, utaketi mpaka uote mizizi."

Kwenye mtaro wanaketi. Wanasimama. Wanatembea. Saa nne na robo fundi anapita chini ya tao, na mkewe anamrukia shingoni huku akimtukana kwa furaha. Ufagio unapita nyuma yake. Ndipo vijana wanaanza kufungua kamba.

Fagio anakaa kwenye ukingo wa barabara na kuvua viatu. Uso umesawijika kwa maumivu. Mshale yuko ng'ambo ya barabara na soda yake, hathubutu kuvuka.

"Nimeshaamua," Fagio anasema. "Mwezi ujao ufagio ataufunga yeye."

Na yeye mwenyewe?

"Mimi nitavaa namba, mara hiyo moja tu. Kwa mara ya kwanza nitakuwa mkimbiaji kama watu. Nitakwenda mwendo wa nyonga yangu, kwa hiyo wa mwisho nitakuwa mimi, na nyuma yangu atakuwa yeye. Yeye aliyezoea kuruka, atembee nyuma ya kiwete kilomita kumi. Na tukifika pale ukutani, nitaketi."

Anaufungua ufagio mgongoni, anauweka mapajani na kuanza kung'oa vijiti vilivyovunjika.

"Nitaketi palepale, niegemee, ninyooshe miguu. Na nitainua mkono."

Anaulizwa kama haogopi Mshale ataisoma makala hii na kujiandaa.

"Asome. Wewe andika. Kujua kwamba nitaketi ni kitu kimoja, kusimama ni kingine. Akinipita, hata hatua moja, nitanyanyuka na nyonga yangu hii mbovu, nitamvua ufagio, na nitaubeba mpaka siku nitakayoanguka nao."

Na akisimama?

Fagio anaendelea na vijiti vyake. Ng'ambo, Mshale ameinuka, kama mtu anayesubiri kuitwa. Fagio anamwona, hamwiti, lakini safari hii hageuzi uso.

"Akisimama, ataketi nami, ndiyo sheria," anasema. "Atanitazama midomo na kucha. Kisha ataniuliza jina, aone kama akili bado ninayo. Nitamtajia la mdogo wangu."