Sura ya Kibwe ndani ya Mufereji

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Ramazani, mwenye studio ya foto hapa Kasongo, alinivalisha aparey, mashine ya kupigia foto, shingoni akasema, "Dada Sifa, usipumue mpaka uisikie imelia." Tukapanda baiskeli mpaka bonde la mupunga. Zamani bonde lile lilikuwa kinamasi. Watu wakachimba mifereji, maji yakatoka, udongo ukabaki.

Agronome, bwana shamba mukubwa wa bonde, alitaka foto za mifereji apelekee wakubwa wake. Akanionya: "Mama, unipigie maji inayotembea. Maji ikionyesha sura ya mutu, iko imelala. Mufereji umeziba."

Lakini mimi nilipenda yale yaliyolala. Asubuhi, kabla ya upepo, mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu, na ndege wakipita ndani ya maji polepole kama samaki. Ukingoni walisimama wachimbaji: Saidi, Lutumba, Musa aliyetoka Wamaza, na Kibwe. Kibwe akacheka, "Dada, unainamia maji tu! Sisi hututaki?" Nikabonyeza.

Katika chumba cha giza, ambamo filimu inaoshwa kwa dawa, tukaona kosa langu. Vichwa vyote nilivikata. Juu, nyasi za ukingo, miguu na majembe. Nyuso zilibaki ndani ya maji tu, kichwa chini.

Agronome akaitazama foto ile. "Hii inasema kazi yangu imeziba! Muichome."

Bwana Ramazani akanipa negatifu, kile kipande cha filimu kinachozaa foto, nikakichome. Nikasema, "Ndiyo, patron." Nikakifunga ndani ya kitambaa changu cha kichwa.

Mvua iliyofuata, homa ikamuchukua Kibwe. Muke wake, Mama Anjelani, akaja studio na mimba ya miezi saba.

"Huyu mutoto ataniuliza baba yake alikuwa na sura gani. Nitamuonyesha nini? Foto yake hakuna hata moja."

Nikafungua kitambaa mbele ya patron. Akakiinua kile kipande kwenye mwanga, nikajua kazi yangu imekwisha. Kisha akasema, "Ingia chumba cha giza. Umutolee foto kubwa."

Mama Anjelani akaipokea, akaigeuza juu chini. Kibwe akasimama wima, anacheka, viwimbi vidogo vya maji shavuni.

"Ni yeye," akasema. "Hata shavu lilikuwa linatetemeka vile."

Leo macho yangu yamechoka, aparey nimeiweka kando. Mifereji yote imeziba, kinamasi kimerudi, mupunga hakuna. Agronome hakusema uongo. Kwa Mama Anjelani foto ingali ukutani. Wageni wanamuambia, "Mama, umeitundika vibaya, nyasi zinaota kwenda chini."

Yeye anawasogezea kiti. "Kaa kwanza. Tazama sura iliyo juu."