RAM ya Mama Wacera

Siku za kazi Muturi alikuwa mpakiaji katika ghala la vyombo vya plastiki, huko viwandani. Jumamosi alipiga video za harusi na ruracio, sherehe za mahari za Wakikuyu, kwa kamera ya kuazima, na huko ndiko moyo wake ulikolala. Tatizo lilikuwa kuhariri. Alihariri kwenye simu, nayo simu ilichemka mkononi hadi ikajizima katikati ya kazi, bibi harusi akiwa bado hajafika madhabahuni. Basi akaamua kujiundia kompyuta yake mwenyewe, kipande kwa kipande. Prosesa, ubongo wa kompyuta, aliipata kwa Kweyu, mwenzake wa ghalani. Kilichobaki kikubwa kilikuwa ubao mama, ile bodi inayobeba vipande vingine vyote, na vipande vya kumbukumbu, RAM, vya kuitia.

Bodi aliifuata Eastleigh, kwa mwanamke aitwaye Hibo, ambaye hakuwa mtu wa kuuza ili mradi ameuza. Hibo aliichukua prosesa, akaigeuza, akasoma maandishi yake. Muturi alikuwa amekwisha kuipenda bodi moja yenye taa za rangi rangi, lakini Hibo aliirudisha kabatini, akamweleza kuwa soketi yake haikubaliani na prosesa ile. Akamtolea nyingine ya kijivu, isiyo na mbwembwe, yenye matundu manne ya RAM. Video zinakula RAM, alisema; aanze na vipande viwili vinavyofanana, aache nafasi ya kuongeza. Ila RAM ya aina ya DDR4 iliyofaa ilikuwa imeisha, na mzigo ungefika baada ya wiki mbili. Akamwonya asije akajaribu DDR3, aina ya zamani, maana kila aina ina pengo lake na haiingii kwenye tundu la nyingine.

"Ikikataa, usisukume, kaka," Hibo alimwambia. "Si kifuniko cha sufuria."

Muturi aliitikia. Masikio yalisikia, ila mikono haikusikia.

Jumapili alasiri mama yake, Wacera, alikuwa amebaki kanisani na kina mama wenzake. Wacera alikuwa na kibanda cha kupiga chapa chini ya ghorofa walimoishi, mtaani Pipeline. Aliandika barua za kuomba kazi, mitihani ya shule ndogo ndogo, na zaidi ya yote ratiba za mazishi, ambazo watu walimletea kutoka mtaa mzima kwa sababu hakuwahi kukosea jina la marehemu. Ufunguo wa kibanda ulining'inia kwenye msumari. Muturi aliutazama, akajiambia kwamba anataka kujua tu kama bodi ina uhai. Angeazima kipande kimoja cha RAM na kukirudisha kabla chai haijachemka.

Aliifungua mashine ya mama yake, akachomoa kipande, akapanda nacho hadi chumbani. Kilikataa kuingia. Alikigeuza, kikakataa. Alijua kabisa ni kwa nini, kilikuwa DDR3, lakini hamu ilikuwa imemkamata, akaweka vidole gumba viwili juu yake akasukuma. Kitu kililia kidogo, kama biskuti ikivunjika. Ukingo wa tundu ulikuwa umepasuka, na meno ya dhahabu ya kile kipande yamechubuka. Alikipangusa kwa fulana yake, akashuka, akakirudisha mahali pake, akafunga kibanda. Hakuthubutu hata kuiwasha mashine.

Asubuhi iliyofuata mashine ilitoa mlio mrefu, na kioo kikabaki cheusi. Muturi alimkuta mama yake ameketi mbele ya mashine, mikono mapajani.

"Baba, nimeiharibu," mama yake alisema. Alimwita Baba kwa kuwa Muturi lilikuwa jina la baba yake Wacera. "Jumamosi nilipiga deki. Nadhani nilimwaga maji, sikumbuki. Sikumbuki hata kama niliizima."

Hapo ndipo pa kusema. Muturi alifungua mdomo, na alichosema ni kwamba anachelewa kazini.

Angekuwa mama mwingine, labda mambo yangeishia kwenye mashine. Lakini Wacera alikuwa amemuuguza mama yake mzazi, mwanamke aliyeanza kwa kusahau chungu motoni na akafa akimwita bintiye kwa jina la jirani. Tangu amzike, Wacera alikuwa akijichunguza. Sasa aliamini zamu yake imefika. Wiki ile Muturi alimwona akikagua jiko la gesi, akitoka, akirudi kulikagua tena. Alimsikia akitaja majina ya ndugu zake mmoja mmoja huku akichambua sukuma wiki, kama mtoto anayekariri somo. Kila siku Muturi alijiambia atasema kesho, na kila kesho ilikuja na sababu yake.

Akaona heri airekebishe mashine, kisha mambo yajifunike yenyewe. Alinunua kipande cha DDR3, akakichomeka, mashine ikawaka. Wacera alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Jumapili, kwenye maombi nyumbani kwao, alisimama mbele ya majirani akamshukuru Mungu kwa kumpa mwana mwenye akili na subira, anayetengeneza kile mama anachoharibu. Watu wakapiga makofi. Muturi alikazia macho zulia, uso ukimwaka. Kisha mama yake akaongeza kwamba mwisho wa mwezi atamwachia Annah, jirani yao, kile kibanda, yeye arudi kijijini Murang'a kabla hajaanza kuharibu majina ya wafu wa watu.

Wageni walipoondoka, mama yake alikuwa akikusanya vikombe. Muturi alivitwaa mikononi mwake, akaviweka mezani.

"Mama, hukumwaga maji. Ni mimi. Nilichomoa RAM yako nijaribu bodi yangu, nikaivunja, nikairudisha nikanyamaza."

Wacera aliketi. Alimuuliza ni siku gani, naye akamwambia. Alimuuliza kama alikuwa akijua ukweli pale yeye mama yake aliposema hakumbuki, naye akasema ndiyo. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mashine ningekusamehe papo hapo," alisema. "Lakini umeniacha nikiogopa kichwa changu wiki nzima, na ulikuwa unaniona."

Mama yake alimaliza kuosha vikombe mwenyewe, na kwa siku kadhaa alizungumza naye mambo ya chumvi na ufunguo tu. Kibanda hakumwachia Annah. Alikifungua, akanunua kufuli jipya, na ufunguo haukuning'inia tena kwenye msumari.

Mzigo wa Hibo ulipofika, Wacera alisema watakwenda pamoja. Dukani ni yeye aliyeuliza maswali: ipi ni ipi, pengo liko wapi, kwa nini viwe viwili. Hibo alipoona ufa kwenye tundu la bodi, alimtazama Muturi. Muturi akakiri kuwa alisukuma. Hibo akatikisa kichwa, akamwambia matundu mawili yaliyo mbali na ufa bado yanafaa, ila bodi hairudishwi tena. Kompyuta iliwaka siku hiyo hiyo, na Wacera akasimama mlangoni akaitazama, akasema ni nzuri.

Siku hizi Muturi anahariri harusi za watu bila kuungua mkono. Mama yake anaendelea kupiga chapa, na hajakosea jina bado. Lakini akikosa miwani yake, humtazama kwanza mwanawe, kidogo tu, akamuuliza kama ni yeye aliyeichukua. Husema kwa tabasamu. Muturi huinuka akaitafuta, na kila mara huomba moyoni aikute mahali ambapo hata mtu mwenye kumbukumbu nzuri angeweza kuisahau.