Bernadetha Kumi na Wawili

Aneth alikuwa mhariri pekee wa video katika studio ya Mzee Mustapha, jirani na soko la Mpanda. Chumba chake kilikuwa stoo ya nguo zamani. Hakikuwa na dirisha, na feni ilipiga kelele kuliko ilivyopuliza. Humo alikaa miaka minne akikatakata video za harusi. Baba yake alipofariki, mzee aliwapa yeye na mama yake chumba cha uani, na hakuwahi kuwakumbushia jambo hilo. Hakuwa na haja.

Machi ile kwaya moja ya Kasekese iliweka miadi ya kurekodi. Mvua ikakata barabara, akafika mwimbaji mmoja tu, Bernadetha, aliyetangulia mjini kumuuguza dada yake. Alois, mwalimu wa kwaya, akapiga simu.

"Binti, mrekodi huyo huyo. Wengine utajua mwenyewe humo kwenye kompyuta."

Aneth akamsimamisha Bernadetha mbele ya kitambaa cha kijani, kile ambacho kompyuta hukifuta na kumwacha mtu peke yake, akamrekodi akiimba na kucheza. Kisha akainakili picha yake mara kumi na moja, akazipanga nakala mstari mmoja, na kila nakala akaichelewesha kidogo nyuma ya mwenzake, chini ya robo sekunde. Bernadetha wa kwanza alipoinua mkono, wa pili akafuata, wa tatu akafuata, mikono ikapita kama upepo juu ya mpunga.

Video ikasambaa kwenye simu za watu kuanzia Kakese hadi Kibaoni. Kila kwaya ikataka "ile ya kujizidisha". Daftari la miadi likajaa mpaka Septemba.

Wiki hiyo hiyo kituo kimoja cha televisheni cha Mwanza kikamwita Aneth kazini. Aripoti Jumatatu.

Akamwambia mzee asubuhi, kwa adabu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikukatazi, mwanangu. Ila hawa watu wanafuata mkono wako. Nikawaambie nini? Na mama yako ataangaliwa na nani? Hapa yuko kwake."

Hakupandisha sauti. Laiti angefoka, Aneth angepata la kumjibu.

Akajaribu kumfundisha Kauthar, binti wa mzee. Siku ya pili tu Kauthar alikuwa anaziweza nakala vizuri. Baba yake alipomkuta, akaizima kompyuta kwa mkono wake.

"Una mtihani Mei. Hii si kazi yako."

Kauthar akainuka, akachukua mtandio wake, akatoka bila kumtazama yeyote.

Jumapili Bernadetha alirudi kuwekewa video yake kwenye flashi. Akaomba aone ilivyofanyika. Aneth akazificha nakala moja moja hadi akabaki mwimbaji mmoja katikati ya weupe.

"Kule nyumbani wenzangu hawaniitikii salamu," Bernadetha akasema. "Eti nimeichukua kwaya peke yangu."

"Nimefanya mimi, dada."

"Najua. Lakini sura ni yangu."

Aneth akamsindikiza hadi mlangoni.

Asubuhi ya Jumatatu Aneth alipiga simu Mwanza kusema haendi. Alikuwa ameandaa maelezo marefu juu ya mama yake, lakini dada wa mapokezi alisema sawa, watamwita anayefuata, akakata. Aneth akabaki ameishika simu. Nje kwaya ya Kibaoni ilikwishafika; wanawake walikuwa wanavalishana sare na kucheka.

Akakinyoosha kitambaa cha kijani ukutani.

"Anaanza nani?" akawauliza.