Breki ya Upande wa Pili

Niseme mapema ili mchawi asitafutwe mbali: kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye fundi, na fundi akiwa mvivu, watu wazima huaibika hadharani. Lakini tuanze na shemeji.

Shemeji, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mwalimu wa udereva. Mwaka wa kumi na tisa huu anafundisha, kwa gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa. Kama magari yote ya kufundishia, upande wa abiria lina klachi na breki za ziada, ili mwanafunzi akipotea mwalimu aokoe jahazi. Sasa shemeji yeye huokoa hata jahazi lisilozama. Mwanafunzi akiyaona makutano tu, mguu wa mwalimu umeshakanyaga. Wamempa jina la Mama Breki, naye analipenda. "Sijawahi kugonga wala kugongwa," husema, na ni kweli.

Mtu wa namna hiyo alipotuambia, huku anamenya vitunguu, kwamba anataka kuingia mashindano ya magari, kaka alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Wewe na nani?"

"Mimi na gari langu. Miaka yote hii gari ni langu, usukani ni wa watu. Asubuhi namkabidhi huyu, mchana yule. Jioni nimechoka, unaendesha wewe. Nataka na mimi niendeshe, niendeshe kwelikweli, kabla magoti hayajanikataa."

Kicheko kikakatika. Kumbe alikuwa ameshaulizia kila kitu. Watu hudhani mchezo huu ni wa wenye nazo tu. Huko juu, sawa, magari yanatafuna hela kama mchwa. Lakini ngazi ya chini kabisa ni uwanja wa maegesho wa ghala lililofungwa, koni za plastiki, na mtu mwenye saa mkononi. Unakwenda na gari lako la kila siku, mnazunguka gari moja moja. Helmeti klabu inakuazima. Wanachotaka ni breki nzima, mikanda mizima, betri iliyofungwa isicheze, na ndani kusiwe na kitu cha kuruka. Anayeanza hupewa mizunguko mitatu. Akimaliza miwili bila kupotea njia, kuangusha koni wala kuzimikiwa na gari, anapata kadi ya kushindana msimu mzima. Asipofikisha, arudi mwakani.

"Mwakani sirudi," shemeji akasema. "Najijua. Nikitoka pale mikono mitupu nitajiambia nimezeeka, na nitaamini."

Kulikuwa na sharti moja zaidi: anayeanza abebe mtu mzima wa kumsomea njia. Hapo hapakuwa na mjadala. Kaka ni msoma mita za maji, ana vichochoro vyote kichwani, na kila nyumba anaikumbuka kwa mbwa wake.

Wiki mbili nilishughulika na lile gari kila nikifunga kazi. Nikabadilisha mafuta ya breki, nikafunga matairi manne ya mtumba ambayo meno yake yalikuwa bado yanauma. Nikatoa tairi la akiba, jeki, mazulia, kibao cha juu, na kiatu kimoja cha mwanafunzi ambaye sijui alikwenda nyumbani vipi. Zikabaki zile pedali za ziada. Kuzitoa ni kulala chali, bolti nne, na mgongo wangu si wa jana. Nikasema, aa, zinamdhuru nani? Nikaziacha.

Siku yenyewe mkaguzi wa klabu aliziona. "Hazikatazwi," akasema. "Ila abiria wako si mwoga?"

Kaka akajipiga kifua. "Mimi? Mimi kila siku naingia kwenye nyua za watu wenye mbwa!"

Bendera ikashuka, shemeji akaondoka. Jamani, nilishika mdomo. Kona ya kwanza aliikata vizuri, ya pili vizuri zaidi, kama mtu aliyekuwa akiifanya kichwani kwa miaka. Ya tatu ilikuwa inaelekea ukuta wa ghala. Ukuta wenyewe uko mbali, hatua arubaini hivi, lakini ukiwa umekaa upande ule nadhani unaonekana umekusimamia puani. Ghafla gari likainamisha pua, nyuma ikateleza, likazoa koni tatu na kuzimika.

Mlango wa abiria ukafunguka. Kaka akatoka na mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. "Mguu," akasema. "Mguu umekwenda wenyewe."

Nilikwenda mbio kuona moto utakaowaka. Nilikuwa na hasira na kaka, na zaidi na nafsi yangu na uvivu wangu. Shemeji alikuwa bado ameshika usukani. Alikuwa analia, bila sauti.

"Shem, ile kona nilikuwa naiweza."

"Uliiweza. Nimeona kwa macho yangu."

"Yeye kaona siwezi." Akajifuta kwa kiganja. "Unajua inavyouma? Unafanya kitu sawasawa, halafu mtu anakunyang'anya katikati." Akanigeukia taratibu. "Ndivyo ninavyowafanyia watu mimi."

"Usijitese bwana, ile ni kazi."

"Kazi gani? Yule mwanafunzi wangu, fundi cherehani, kafeli mtihani mara tatu. Kila akifika kwenye alama ya kusimama anapitiliza. Nikamwita mzembe. Kumbe masikini alikuwa anasubiri nikanyage mimi." Akatikisa kichwa. "Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Nilikuwa nayo methali hiyo hiyo ulimini, nikaimeza.

Kaka alikuja kichwa chini. "Mke wangu, mchukue fundi. Mimi roho yangu nyepesi."

"Fundi? Huyu hata kwake anapotea. Njia unaijua wewe." Akafungua mkanda. "Utakaa hapo hapo. Hicho kitu ndicho kitoke."

Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na magari manne. Nikalala chali, mgongo ukapiga kelele, nikauambia ukome. Bolti ya mwisho kaka akaninyang'anya spana, akaitoa mwenyewe.

Mzunguko wa pili nilisikia sauti ya kaka mpaka nje, inatetemeka lakini haikosei: "Kushoto! Katikati ya mbili! Kulia, nyuma ya nyekundu!" Safi, hakuna koni iliyoguswa. Kwa hiyo ukabaki wa tatu, na huo ndio ulikuwa wa kufa na kupona. Shemeji hakuubembeleza. Aliingia kona ya ukutani kwa kasi kuliko mara zote, nyuma ikataka kuchomoka, akairudisha kwa mikono miwili mitulivu, akapita kati ya koni za mwisho na kusimama ndani ya mistari. Nilipiga kelele mpaka mkaguzi akanitazama.

Kaka alishuka anachechemea. Alikuwa amekanyaga sakafu tupu kwa nguvu mpaka msuli ukamkaza. Uwanja mzima ulicheka, na shemeji alicheka kuliko wote, huku anamsugua shavu la mguu. Kati ya wanaoanza kumi na wanne alikuwa wa kumi na mbili. Kadi alipewa, akaishika kwa mikono miwili.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa chali tena uani kwao. Kesho yake kulikuwa na masomo, na gari la kufundishia bila pedali za mwalimu haliruhusiwi barabarani. Nikakaza bolti zote nne, nikamwita ajaribu.

Akakaa kwenye kiti chake cha mwalimu, akakanyaga, breki ikajibu. Nikadhani tumemaliza. Akainama, akavuta kile chuma cha chini ya kiti, akajisukuma nyuma tundu moja. Akajaribu tena. Akaongeza la pili.

"Shem, hapo si utakuwa mbali?"

"Naifikia, ila mpaka ninyooshe mguu," akasema. "Kesho saa mbili nina fundi cherehani. Wakati mimi nanyoosha, yeye atakuwa ameshasimama."