Kwenda Kuwatazama Mbega

Ukweni kwangu, Old Moshi, hakuna kitu kinachoitwa kutembea tu. Kuna kwenda dukani, kwenda kanisani, kwenda msibani, kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mtu akikukuta njiani huna kitu mkononi anakuuliza, kwa upole kabisa, kama unaumwa. Nimeolewa kule miaka kumi na mmoja na jambo hili halijaacha kunikera, maana mimi ni mzaliwa wa Pasua, mjini, ambako jioni mtu anatoka na watoto wake kunyoosha miguu na hakuna anayemshangaa.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Binti yetu alikuwa anaingia darasa la tano, na tulikuwa tumempatia nafasi shule ya bweni upande wa Sanya Juu. Likizo nzima ya Desemba alikuwa na ombi moja tu: awaone mbega, wale kima weusi wenye mkia mweupe. Kila tukilala kwa bibi yake, alfajiri tunawasikia kule korongoni wakinguruma kama pikipiki inayogoma kuwaka, na yeye anakaa kitandani na blanketi mabegani akisikiliza mpaka wanyamaze. Picha zao alishaziona. Alitaka awaone wenyewe, na alitaka twende wote watatu, yeye na mimi na baba yake, kabla hajaondoka. Niliona ni ombi la heshima. Watoto wa wenzangu walikuwa wanaomba simu.

Korongo lenyewe liko dakika ishirini kutoka mlangoni kwa mama mkwe wangu. Dakika ishirini! Tulijaribu mara tatu na mara zote hatukufika.

Mara ya kwanza tuliishia nyumba ya tatu. Njia ya korongoni inapita ndani ya vihamba vya watu, katikati ya migomba na kahawa zao, na huwezi kupita uani kwa mtu kimya kimya kama mwizi. Shikamoo ikazaa kiti, kiti kikazaa bakuli la mtori, na mtori hauliwi umesimama. Nyumba ya pili vivyo hivyo. Nyumba ya tatu mume wangu akapewa kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, akazama kwenye mazungumzo ya mipaka ya shamba na mzee wa pale, na jua likatuchwea tukiwa tumeshiba na tumenuna. Nilinuna mimi. Mtoto alikuwa amegeuza jiwe kwenye mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani, akamkuta kaa mdogo wa rangi ya kutu, na kwa muda akawa amesahau mbega. Tuliporudi akamsimulia bibi yake habari za yule kaa. Bibi akamwambia kesho akienda kumsalimia abebe na ndoo ya maji.

Mara ya pili mama mkwe alimwona mwanawe anafunga kamba za viatu, akakumbuka kwamba bawaba ya mlango wa zizi imelegea. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo akifika kwao kila chuma kinaumwa. Mara ya tatu ikanyesha mvua.

"Watakuwepo tu," mume wangu aliniambia siku hiyo ya mvua, amenyoosha miguu kwenye kochi la mama yake. "Mbega hawahami."

"Mtoto ndiye anahama," nikamjibu, nikaenda kukaa jikoni na moshi.

Ikabaki Jumamosi ya mwisho. Tranka ilikuwa tayari kule Pasua tunakoishi, mtoto amenyolewa, Jumatatu anaripoti shuleni. Nilipanga siku hiyo kama mtu anayepanga harusi. Tulipanda asubuhi na mapema, mume wangu ameapa kwamba hataketi kwenye kiti cha mtu yeyote. Tulipofika tukakuta jirani anamsubiri uani na geti lake limeegemezwa ukutani. Mume wangu alinitazama, akatazama geti, akasema, "Nusu saa tu." Nusu saa za mume wangu nazijua. Nikamwambia mtoto twende.

Mama mkwe akatoka zizini anajifuta mikono kwenye kanga.

"Mnakwenda korongoni? Vizuri, ng'ombe hajala." Na tayari alikuwa na miundu mitatu mkononi.

"Mama, leo tunakwenda kuangalia tu," nilisema kwa heshima yote niliyobakiwa nayo.

"Mtaangalia huku mnakata. Macho hayashiki mundu, mwanangu."

Nilitaka kulia. Nilishika mundu.

Kule chini tulikata majani kwa karibu saa mbili, na hatukuona hata mkia. Wao walikuwa mbele yangu kidogo, bibi na mjukuu, wananong'ona na kucheka, na mimi nilikuwa nakata kama anayelipiza kisasi, nikihesabu kimoyomoyo makosa ya ukoo mzima. Nilimwona bibi anamfundisha mtoto kufunga mzigo kwa ganda la mgomba, kisha kuviringa kata ya kuweka kichwani. Nikasema moyoni, haya, mtoto anakwenda bweni, kumbukumbu yake ya nyumbani ni mzigo. Kisha tukatwikana, tukaanza kupanda: bibi mbele, mtoto katikati, mimi nyuma.

Asiyewahi kubeba majani kichwani hajui kwamba mzigo ule unakufunika. Majani yananing'inia mpaka usoni, shingo imekaza, na unachokiona ni visigino vya aliyekutangulia. Tulipofika kwenye mti mkubwa wa msesewe ulioinamia mfongo, nikasikia tawi linalia juu yetu. Vipande vya majani yaliyotafunwa vikaanza kudondoka njiani mbele ya miguu yangu. Nikajua ni wao. Wako juu ya vichwa vyetu na hatuwezi kuinua vichwa!

Bibi alisimama. Mtoto akasimama. Mimi nilidhani wanapumzika, kwamba hawajasikia kitu, kwamba hata hii ya mwisho inapita hivi hivi.

"Tua!" nilipiga kelele. "Tua mzigo, mwanangu, angalia juu! Wako juu!"

Hakutua. Niliutupa wangu, ukapasukia kwenye mfongo na maji yakaanza kuyachukua majani, nikamkimbilia ili niuvute wa kwake. Juu kukawa na kishindo cha matawi, kikahama mti hadi mti, kikavuka korongo. Nilipoinua uso, tawi la msesewe lilikuwa linayumba peke yake.

Nikamgeukia mama mkwe. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwinulia sauti, siku ile nilimwinulia. "Umemfundisha mtoto kubeba mpaka hajui kutua," nilimwambia. "Kitu kimoja alichokitaka, kimoja!"

Aliyejibu ni mtoto, mzigo ukiwa bado kichwani.

"Mama, tulikuwa tunawaona."

"Mnawaona vipi na majani usoni?"

Akanionyesha. Alikunja magoti kidogo, akausukuma mzigo nyuma kwa mkono mmoja, macho yakachungulia juu kupitia chini ya majani. "Bibi amenifundisha kule chini," alisema. "Ukisimama kimya na mzigo hawakimbii. Wamezoea kuona majani yanapita. Wanamkimbia mtu asiyebeba kitu." Akaurudisha mzigo katikati ya kichwa. "Kulikuwa na mtoto wao, mama, mweupe mwili mzima, ameshika tumbo la mama yake. Nilitaka nikuite polepole."

Nilipiga magoti kwenye mfongo nikaanza kuokota majani yaliyolowa. Mama mkwe aliutua mzigo wake akaja kunisaidia, akanifungia upya, akanitwika.

"Mama, nisamehe," nilimwambia nikiwa chini ya majani, maji yananitiririka shingoni.

"Shika vizuri," alisema. "Ng'ombe anasubiri."

Jumatatu tulimpeleka Sanya Juu. Baba yake alishughulika na tranka na godoro, mimi nikabaki getini na ndoo na kandambili zake. Msichana mmoja mwenyeji wa pale, mwenye kujiamini, akaja kumpokea na kumuuliza likizo alifanya nini.

"Niliona mbega," binti yangu akamwambia. "Na mtoto wao mweupe. Nilikuwa na bibi yangu."