Mlinzi wa Lango Aliyemfuta Kazi Gavana

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Metrine Nekesa anainua kizuizi cha lango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anafunika kitabu kwa daftari la wageni. Gari la mhadhiri linapita. "Good morning, sir," anasema, kisha anafunua tena ukurasa aliokuwa akiusoma. Leo ni Jumatano. Kesho saa nne ana mtihani, na hatapewa mwingine.

Metrine, mwenye umri wa miaka 31, ni mlinzi katika chuo kimoja kinachofuata mtaala wa Kimarekani, si mbali na karakana za Ras Al Khor. Ni mzaliwa wa Trans Nzoia, Kenya, na alifika Dubai mwaka 2006, miaka mitatu iliyopita. Analipwa dirham 1,300 kwa mwezi. Ada ya muhula mmoja katika chuo hicho anacholinda inazidi mshahara wake wa mwaka mzima.

Hata hivyo, chuo hicho hutoa masomo ya bure kwa mtu yeyote anayefanya kazi ndani ya ukuta wake, awe mpishi, mfagiaji au mlinzi, mradi afaulu mtihani wa somo moja la mwaka wa kwanza. Mtu huruhusiwa kujaribu mara mbili tu. Baada ya hapo, khalas, basi.

Metrine alichagua somo la Serikali ya Marekani. Si kwamba alikuwa na hamu nalo.

"Kitabu kilisahauliwa hapa langoni na mwanafunzi, na mwenyewe hakurudi kukiulizia," anasema huku akicheka. "Nikasema hiki ndicho Mungu amenipa. Kingekuwa cha kemia, leo ungenikuta nalia."

Sura za mwanzo zilimwingia bila taabu. Humo wanafalsafa wanadai kwamba binadamu huzaliwa na haki zake, kwamba watu huunda serikali ili izilinde, na kwamba serikali hiyo hutawala kwa ridhaa ya wanaotawaliwa.

"Hiyo ni kazi yangu hii hii," anasema. "Serikali ni mlinzi. Imeajiriwa. Mimi nikilala langoni nafukuzwa, na yenyewe vivyo hivyo."

Kilichomtoa jasho ni muundo. Wamarekani wana serikali ya shirikisho, chini yake majimbo, halafu kaunti na miji, hadi bodi za shule. Metrine aliyakariri yote hayo kwa mpangilio. Mwezi Mei akaingia kwenye mtihani wa kwanza kifua mbele, akakutana na swali hili: Rais haridhiki na kazi ya gavana wa jimbo. Anaweza kufanya nini?

Alijaza ukurasa mzima. Rais amfute kazi gavana, aliandika, ateue mwingine. Gavana mpya naye ateue meya, na meya ateue sherifu. Kuhusu gavana aliyefutwa, alieleza kwamba atapata habari hizo redioni, kwenye taarifa ya saa saba mchana.

Mkenya wa rika lake hawezi kumcheka sana. Kwao, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya mpaka chifu wa kata wote huwekwa na walio juu, na vigogo wengi wamewahi kusikia redioni kwamba hawana kazi. Lakini mhadhiri aliyesahihisha alikuwa Mmarekani. Pembeni mwa jibu aliandika kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini redioni?" Metrine alipata alama 38. Alihitaji 60.

"Niliumia. Maneno nilikuwa nayo yote, ila sikuelewa yanashikanaje."

Alikuja kuelewa jikoni.

Anaishi mtaa wa Karama, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye wanawake wanane na jiko moja. Mkataba wa nyumba umeandikwa jina la Cissy, Mganda anayefanya kazi hotelini, na kwa miaka mingi ni Cissy aliyeamua nani asimamie jiko, nani apike saa ngapi na nani anyamaze. Mwezi Julai, baada ya ugomvi wa sufuria, Metrine alipendekeza wote wanaopika humo wamchague msimamizi wenyewe. Wakamchagua Resty, Mganda mwingine, mpole wa sura lakini si wa kuchezewa.

Wiki ya tatu Resty akapiga marufuku kukaanga samaki Ijumaa asubuhi, siku ambayo wengi wamelala. Cissy, ambaye bila samaki Ijumaa haijafika, akaja juu.

"Resty, kuanzia leo wewe si msimamizi. Khalas!"

Resty hakuacha hata kukoroga uji. "Dada Cissy, si wewe uliyeniweka. Walionichagua ni hao hapo, waulize."

Cissy akawageukia wale watano waliokuwa jikoni. Wote walikuwa wameinamia vikombe.

Metrine, aliyekuwa akisikia yote kutoka chumbani, aliruka chini kutoka kitanda cha juu nusura avunje mguu. "Ndiyo hiyo!" alipiga kelele. "Cissy ni Rais, Resty ni gavana!"

"Kama mimi ni Rais," Cissy aliuliza, "mbona siwezi kula samaki?"

Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Cissy mwenyewe anaisimulia leo kwa madaha. "Huyu Metrine alitupindua kwa kitabu cha kuokota," anasema.

Alhamisi, siku moja baada ya asubuhi ile ya langoni, Metrine alifanya mtihani wa pili akiwa na sare yake ya kazi. Swali la Rais na gavana lilikuwepo, limebadilishwa maneno kidogo. Safari hii alijibu kwa mistari mitatu: Rais hawezi kumfuta. Anaweza kumshawishi, au kwenda mahakamani kama sheria imevunjwa. Wa kumwajibisha ni watu wa jimbo lake.

Jumapili asubuhi mhadhiri yule wa kalamu nyekundu alisimamisha gari langoni, akashusha kioo. "Eighty-one," alisema.

"Nilishikilia kizuizi nikasahau kukiinua," Metrine anakumbuka. "Magari yalijipanga nyuma yake mpaka barabarani, honi juu ya honi. Nilikuwa nalia na kucheka. Naye alikaa tu akaningoja."

Ataanza masomo Januari, akibadilishana zamu na wenzake. Wengi humuuliza kama atahamia Marekani.

"Nikafanye nini huko?" anauliza. "Nikimaliza narudi Trans Nzoia kugombea udiwani."

Na akishindwa?

Anakunja kola ya shati lake, anaikunjua.

"Baba yangu alikuwa chifu miaka kumi na minne," anasema. "Barua ya kumwondoa ilikuwa na mistari miwili, na haikutaja kosa lolote. Alizeeka akijiuliza amemkosea nani. Mimi nikikataliwa, nikataliwe na watu ninaowajua kwa majina. Nitapita nyumba kwa nyumba niwaulize kwa nini, na itawabidi wanijibu."