Mama Nyavu na Ndege wa Mdomo wa Njano

Asubuhi mbichi, umande haujakauka, na Mama Nyavu amesimama ndani ya matete, maji yanamfika magotini. Wavu mbele yake umejaa ndege, kelele utadhani mnada wa mitumba. Anamtoa mmoja, anamtazama mdomo. Mwekundu. Kikapuni. Wa pili mdomo wake ni wa kahawia. Anafungua kiganja. Fyuu!

"Kweche huyo. Nenda kwa mumeo, mama!"

Ana leseni ya kutega kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaoushukia mtama kwa maelfu na kuacha mabua yakishangaa. Wa kikapuni huuzwa kitoweo, na kikapu kikijaa nyumbani wanakula siku mbili. Shida ni kweche, ndege asiye na kesi, anayelala matete hayo hayo. Dume lake ni jekundu kama kaa la moto, hakosewi. Kazi iko kwa jike: kahawia, michirizi mgongoni, pacha mtupu wa kwelea.

Msimu uliopita kikapuni mwake walikutwa kweche watatu. Akaonywa kwamba akikutwa na mwingine, leseni hana. Leo afisa wa wanyamapori amekuja kukagua, ndipo aamue kama ataihuisha.

"Wale watatu aliwatia huyu," Mama Nyavu anamwambia afisa, akimnyooshea kidole wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshika kikapu. "Mkono wake una haraka, hata mezani."

"Haraka hiyo hiyo ndiyo iliyokuozesha kwa kaka yangu!" wifi anajibu.

Kicheko kinakatika. Mkononi mwa Mama Nyavu yupo ndege mwenye mdomo wa njano.

Hapo ndipo wategaji huumbuka. Jike la kwelea likifika wakati wa kutaga, mdomo wake mwekundu hugeuka njano, karibu na ule wa kweche, na kumjua kwa mdomo kunakuwa bahati nasibu. Anampuliza manyoya ya kifua. Anamkunjua bawa. Anamgeuza tena.

"Tia kikapuni, mama!" mwenye shamba la mtama anapiga kelele kutoka ukingoni. "Ndiye anayenimaliza huyo!"

Afisa anautazama mkono wake, si ndege.

Mama Nyavu anafungua mkono. Ndege anaruka, anazunguka mara moja, kisha anatua juu ya suke la mtama na kuanza kudonoa mbele ya macho ya wote.

"Mwizi umemshika, halafu umemsindikiza!" Mwenye shamba kajishika kichwa.

"Mzee wangu, punje zake nitakulipa. Nikiua kweche, namlipa nani?"

Afisa anacheka mpaka kofia inaangukia majini. "Kwelea yule, mama. Nilimjua tangu mwanzo."

"Sasa si ungesema!"

"Nilitaka kuona ukipata shaka, mkono wako unaelekea wapi. Kesho njoo uchukue leseni mpya."

Wifi anapiga vigelegele, na ndege waliobaki wavuni wanazidisha kelele. Hata mwenye shamba anacheka, ingawa jicho halitoki kwenye lile suke.

Mama Nyavu anataka msimu ujao wifi naye awe na leseni yake, wawili hao wavuke mto. Huko wakulima bado wanapulizia sumu juu ya matete, na kila aliyelala humo hufa.

"Sumu haina macho," anasema, akirudi wavuni. "Sisi tutakuwa na manne."